Bulla ipi? Kabla ya kuuliza bei, uliza maji

KUNA swali ambalo watu wa Garissa huulizana kila mahali, iwe ni msikitini, sokoni au ndani ya basi la kutoka Nairobi. Mtu ameweka akiba kwa miaka, pengine amesaidiwa na ndugu aliye ng'ambo, na sasa anataka ploti ajenge. Je, anunue Iftin? Anunue huku chini karibu na mto ambako kuna kivuli? Au avuke daraja akanunue Madogo?

Mnunuzi wa kwetu huuliza mambo matatu. Kwanza ni bei. Pili ni karatasi: je, kuna hati miliki, au ni barua ya kugawiwa tu iliyotolewa zamani na baraza na kupita mikono ya watu watano? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, nalo ni akina nani wanaokaa pale. Hayo yote ni maswali ya haki, na la karatasi yafaa umpelekee wakili kabla hujatoa hata shilingi moja. Lakini ukurasa huu ni wa afya. Mimi ningependa uulize la nne, ambalo dalali hatalitaja asipoulizwa: maji ya mahali hapo huingia kutoka wapi, na yakishatumika huenda wapi?

Nasema hivi kwa sababu bulla mbili zaweza kutenganishwa na barabara moja ya vumbi, bei zikatofautiana kidogo tu, na bado watoto wa upande mmoja wakawa wanaharisha kila msimu wa mvua huku wa upande wa pili wakienda shule.

Tuanze na mto wenyewe. Mto Tana hauna tabia ya mito mingine ya Kaskazini Mashariki, ile tunayoiita laga, ambayo hukauka na kujaa kufuatana na mvua ya hapo hapo. Maji ya Tana hutoka mlima Kenya na milima ya Aberdare. Yakishuka hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa hayo yakijaa maji ya ziada hayana budi kupita. Ndiyo sababu mafuriko yaweza kuingia Garissa jua likiwaka, mbingu ikiwa safi, na mama akiwa ameanika nguo. Mtu anayetazama mawingu ya juu ya paa lake ili ajue kama mto utafurika anatazama mahali pasipofaa. Atege sikio redioni asikie habari za Masinga na Kiambere.

Wala si jambo la kutokea mara moja katika maisha ya mtu. Wazee wanakumbuka mafuriko ya 1961. Waliozaliwa baadaye wanakumbuka El Nino ya 1997 na 1998. Watoto wa shule nao wana yao: 2018, kisha mwishoni mwa 2023, kisha tena Aprili na Mei 2024, miezi michache tu baada ya yale yaliyotangulia, watu wakiwa bado hawajamaliza kutoa matope nyumbani. Kwa hivyo anayekuambia kwamba maji huja hapo "mara moja moja" umwombe akutajie miaka.

Nianze na ng'ambo ya daraja, kwa kuwa ndiko wengi wa kipato cha wastani wanakovutwa siku hizi. Madogo iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Garissa. Ukiwa na tuktuk unafika kabla ya chai kupoa. Mtu anafanya kazi Garissa, anauza duka Garissa, watoto wanasoma Garissa, na jioni anarudi Madogo kulala. Kwa macho ya mnunuzi ni mtaa mwingine wa mji huo huo. Lakini kwenye ramani uko kaunti nyingine, kaunti ya Tana River, ambayo makao yake makuu na hospitali yake kubwa yako Hola, mbali kusini kwa zaidi ya kilomita 100. Kituo cha afya cha Madogo kipo na kinafanya kazi yake, lakini mgonjwa anayehitaji upasuaji au damu hupelekwa ile hospitali ya rufaa iliyo mjini Garissa, yaani ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo penye tatizo. Kati ya Madogo na daraja kuna mahali panapoitwa Kona Punda. Pana bonde, na mto ukifurika barabara hiyo hukatika. Ilikatika 2023, na ikakatika tena 2024. Watu waliokuwa wakienda kazini kwa dakika kumi wakawa wanavuka kwa mashua, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua moja iliyojaa abiria ilipinduka hapo. Baadhi waliokolewa, wengine wakapoteza maisha. Lori za mahindi na unga zilikwama, bei za chakula zikapanda Garissa nzima, na bila shaka hayo msomaji unayakumbuka.

Sasa mfikirie mama mjamzito anayeishi Madogo na uchungu umemshika usiku wa siku kama hizo. Anaziona taa za mji wa Garissa, lakini hospitali hawezi kuifikia. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, saa mbili zaweza kutosha kumwua. Kifafa cha mimba nacho hakingojei mashua. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Garissa ni miongoni mwa kaunti ambazo akina mama wengi zaidi hufariki kwa ajili ya uzazi, na hapo tunazungumzia hata wale walio upande wa hospitali. Je, msomaji, ukipunguziwa bei ya ploti kwa sababu iko ng'ambo, umejiuliza punguzo hilo linalipwa na nani?

Simwambii mtu asinunue Madogo. Wapo wanaokaa huko vizuri, na mtu ambaye watoto wake ni wakubwa na mkewe amemaliza kuzaa aweza kufanya hesabu yake tofauti. Lakini kwa kijana anayeoa leo na anayetarajia watoto, mimi ningemshauri asivuke daraja mpaka barabara ile ya Kona Punda iinuliwe na kuwekewa njia za maji za kutosha. Hilo ni jambo la serikali, na wabunge wa pande zote mbili wangefaa kulisemea kwa sauti moja badala ya kugombania mpaka.

Turudi upande wa mji. Bulla zilizo karibu na kingo, kama Ziwani na Bakuyu, zina uzuri wake na sitaki kuudharau. Kuna miti, kuna upepo wa mto jioni. Mashamba ya ndizi, maembe, mapapai na matikiti yako jirani, na mtoto anayekula papai na mboga kila siku yuko mbele ya mwenzake anayekula wali mkavu na chai. Watu wa huko si wajinga kwa kukaa pale. Wengi wao ni wakulima wanaoishi karibu na shamba kama mchungaji anavyoishi karibu na zizi, na wengine walifika pale kwa sababu ardhi ya juu ilikuwa imekwisha kugawiwa wenye jamaa barazani.

Lakini jina la Ziwani lenyewe linakuambia, na mto haujasahau njia yake. Maji yakipanda, kinachofurika kwanza ni choo. Choo cha shimo kilichochimbwa kwenye udongo wa ukingoni hujaa kutoka chini kabla hata maji ya juu hayajafika mlangoni, na kuta zake huporomoka. Vilivyokuwa shimoni huelea uani, huingia kisimani, hukaa kwenye sufuria zilizoachwa nje. Kisha familia huhamia kwenye shule au uwanja ulioinuka, watu mamia wakitumia vyoo vichache. Kipindupindu hupenda mazingira ya namna hiyo. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 uliikumba kaunti ya Garissa vibaya, kambi za Dadaab zikiwa ndani yake, na vijidudu vyake havikuuliza mtu ni wa ukoo gani.

Ukitaka kujua kama ploti ina tatizo la choo, usiangalie choo cha muuzaji pekee. Waulize majirani shimo lao lina kina gani na walipata maji wakiwa wamechimba futi ngapi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya ya mazingira ni kwamba chini ya shimo na maji ya ardhini pawe na angalau mita moja na nusu, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima. Ploti ndogo ambayo jirani wa kushoto ana kisima na wa kulia ana choo haiwezi kutimiza kanuni hiyo hata ukijenga kwa marumaru.

Wenzetu wa Wajir wanalijua hili kuliko sisi. Maji ya chini ya mji ule yako karibu sana na uso wa ardhi, kiasi kwamba choo cha shimo na kisima huwa kama watu wanaokunywa kikombe kimoja. Kwa miaka mingi mji ule ulitegemea vyoo vya ndoo, ndoo zikikusanywa na kumwagwa nje ya mji, jambo ambalo lilikuwa aibu kwa wenyeji na hatari kwa waliofanya kazi hiyo. Anayenunua nyumba Wajir hawezi kuepa suala la choo. Anayenunua Garissa aweza kulisahau, na kusahau huko ndiko kunakomgharimu.

Basi je, suluhisho ni bulla za juu, mbali na mto, kama Iftin na Galbet? Kwa maoni yangu ndiyo, kwa familia nyingi, lakini usiende huko ukidhani umefika peponi. Kule shida inageuka: badala ya maji mengi mabaya, una maji machache ya kununua. Bomba lipo sehemu nyingine na sehemu nyingine halipo, na lililopo huenda likakauka siku kadhaa. Hapo ndipo unapomtegemea mwenye mkokoteni wa punda. Kabla ya kununua, kaa pembeni ya barabara ya bulla hiyo asubuhi moja na umuulize mwenye mkokoteni mtungi wa lita 20 ni bei gani hapo, na ni bei gani mwezi wa pili wakati wa jilaal. Zidisha kwa mitungi unayohitaji kwa siku, kisha kwa siku 30. Watu wengi wangeshangaa kuona kwamba katika miaka kumi tofauti ya bei ya ploti imemezwa na punda.

Muulize pia anateka wapi. Punda hana kosa, lakini mtungi uliojazwa mtoni hauna tofauti na mto. Maji hayo yatiwe klorini au yachemshwe mpaka yatokote, hata kama yanaonekana meupe.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa bulla kavu hulipuuza. Penye uhaba wa maji watu huweka akiba kwenye mapipa na matangi, na pipa lisilofunikwa ni makazi ya mbu anayeuma mchana, yule anayeambukiza homa ya dengi na chikungunya. Mandera, mji mkavu kuliko Garissa, ulipatwa na dengi 2011 na chikungunya 2016, watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba mbu ni tatizo la watu wa mtoni. Pipa lako lifunikwe, au litakuwa mto wako mdogo uani.

Kuhusu joto sitasema mengi. Garissa ni Garissa. Ila tafuta ploti ambayo haikubanwa pande zote, ili madirisha yapitishe upepo, maana chumba kisicho na hewa si kwamba kinachosha tu bali ndimo kifua kikuu kinamosambaa. Panda mwarobaini siku utakayoweka msingi. Ukimaliza kujenga utakuwa na kivuli.

Jambo la mifugo linanihitaji nikae kidogo zaidi. Soko la mifugo la Garissa ni riziki yetu, na hakuna anayetaka liondoke. Lakini wapo wanaotafuta nyumba karibu na soko au wanaotaka ua wa kuweka mbuzi kumi. Wakumbuke Desemba 1997, mvua ya El Nino ilipoleta homa ya Bonde la Ufa. Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa wilaya ya Garissa peke yake. Ikarudi Desemba 2006, na wagonjwa wa kwanza kugunduliwa walikuwa hapa hapa Garissa. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa ndani ya udongo mkavu miaka mingi, yakisubiri mafuriko. Kwa hivyo eneo la mabondeni ambalo maji hutuama wiki kadhaa baada ya mvua, na ambalo pia mifugo hulala, ni mahali pa kuepa kabisa. Na popote ulipo, mnyama aliyeharibu mimba usimshike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Najua wapo wazee watakaocheka kuhusu maziwa. Wacheke, lakini yachemshwe.

Sasa lile swali la tatu, la akina nani wanakaa pale. Nimesikia wataalamu kutoka Nairobi wakilibeza, wakisema ni ukabila tu. Sikubaliani nao. Katika mji ambao ambulansi huchelewa, jirani anayekujua ndiye ambulansi. Mama aliyejifungua huhitaji wanawake wa kumhudumia siku zake arobaini, na mgonjwa wa kisukari huhitaji mtu wa kugundua kwamba leo hakuonekana msikitini. Hiyo pia ni afya, na haipatikani dukani. Lakini kuna kiwango. Ukiambiwa "njoo huku, ni kwetu", na huku ni bondeni, kumbuka kwamba jamaa waweza kuwatembelea kila Ijumaa hata ukikaa bulla nyingine. Ardhi ya chini huwezi kuibeba ukaiinua. Na mara nyingi jamaa hao hao wakipigwa na mafuriko ndio watakaokuja kulala sebuleni kwako, kwa hivyo si vibaya mmoja wenu akawa amejenga juu.

Yaliyobaki ni namna ya kukagua. Muuzaji mwerevu atakuonyesha ploti wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, mchanga ukiwa mkavu na bonde likiwa barabara nzuri. Ukiweza, ngoja mvua za gu, mwezi wa nne na wa tano, au za deyr kuanzia Oktoba, ndipo uende kuitazama. Ukishindwa kungoja, soma dalili. Udongo mweusi unaopasuka pasuka ni udongo ulioletwa na mto, na mto huo waweza kuleta mwingine. Mchanga mwekundu kwa kawaida uko juu zaidi. Tazama kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa matope wenye urefu sawa nyumba hadi nyumba. Tazama vichaka vya mathenge kama vimenasa majani makavu na takataka kwenye matawi ya juu, kwa sababu hakuna upepo unaoweka takataka kwa mstari ulionyooka. Kisha waache wanaume walioketi chini ya mti na uongee na wanawake. Wao ndio wanaojua maji yalifika wapi, mtoto wa nani alilazwa, na ni nani aliyekimbizwa hospitalini kwa mkokoteni. Mhudumu wa afya ya jamii wa bulla hiyo pia atakusaidia, tena bila malipo, na habari zake ni za kweli kuliko za dalali anayengoja asilimia yake.

Serikali ya kaunti nayo isikwepe. Mahali panapofurika mara tatu katika miaka sita panajulikana, na kuruhusu ploti mpya zipimwe hapo ni kumwuzia mwananchi ugonjwa kwa karatasi iliyopigwa mhuri.

Na wewe uliyekwisha kununua chini, au ng'ambo, na huna uwezo wa kuhama? Inua msingi wa choo kabla ya msingi wa sebule. Weka dawa ya klorini ndani ya nyumba tangu mwanzo wa mwezi wa nne, si siku maji yanapoingia. Mtoto akianza kuharisha maji maji, mpe mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, huku ukimpeleka kwenye kituo cha afya. Na kama nyumbani kuna mja mzito ambaye siku zake zinaangukia katika msimu wa gu au wa deyr, mtafutie mapema jamaa wa kumkaribisha upande wa mjini, avuke daraja wiki tatu au nne kabla, angali anaweza kutembea kwa miguu yake na barabara ya Kona Punda ikiwa bado kavu.